Sadaka Inatangazwa, Matumizi Je?

Jumapili ya Novemba 17, 2024, Rais William Ruto alisali katika Kanisa Katoliki la Soweto, Kayole, mashariki mwa jiji la Nairobi. Hadi anaondoka alikuwa ametoa shilingi 600,000 kwa kwaya na kundi jingine la parokia, na milioni 2 za nyumba ya mapadri, kisha akaahidi milioni 3 nyingine. Gavana wa Nairobi, Johnson Sakaja, naye akaongeza 200,000. Siku iliyofuata Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi alitoa tamko: fedha zirudishwe kwa waliozitoa, na ahadi isipokelewe. Askofu hakuhitaji kutafuta hoja mbali. Mwezi Julai mwaka huohuo, baada ya vijana kuandamana kupinga muswada wa fedha, Rais mwenyewe alikuwa ametangaza kuwapiga marufuku watumishi wa umma kuchangia harambee.

Wengi walimpongeza askofu, na pongezi zilimstahili. Lakini katika kelele zile kulikuwa na swali lililopita bila kuulizwa sana: nyumba ya mapadri sasa itajengwa na nani, kwa kiasi gani, na je, waumini waliwahi kuonyeshwa makadirio yake? Parokia ambayo watu wake wanajua gharama ya nyumba na kiasi kilichopungua inaweza kumpokea mgeni yeyote Jumapili na kumwambia asante, keti usali. Parokia ambayo hesabu hiyo iko kichwani mwa watu watatu tu itamsubiri mgeni mwenye bahasha, hata kama haisemi hivyo. Miezi minne baadaye, Machi 2025, Rais huyohuyo alitoa shilingi milioni 20 kwa Jesus Winner Ministry, Roysambu, na kanisa hilo likazipokea huku vijana wakilalamika barabarani.

Lawama iliyozoeleka ni kwamba makanisa yanazungumza mno kuhusu pesa. Anayeitoa lawama hiyo anasikia upande mmoja wa daftari. Upande wa mapato ndio unaosemwa, kuimbwa na kuhubiriwa. Upande wa matumizi husemwa mara moja kwa mwaka, kwa sauti ndogo, watu wakiwa wameshaanza kutafuta funguo za magari. Na kadiri upande huo wa pili unavyofichwa, ndivyo kanisa linavyozidi kuwa mali ya yeyote anayelipa bili.

Ukitaka kuona jinsi upande wa kwanza unavyotamkwa vizuri, nenda usharika wowote wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT). Mzee wa zamu anasimama na karatasi ya matangazo. Anasoma mahudhurio ya Jumapili iliyopita, wakubwa na watoto, kisha sadaka ya ibada ya kwanza na ya pili, sadaka ya Shule ya Jumapili, bahasha za ahadi, sadaka ya shukrani, na za ujenzi. Msharika ana namba ya bahasha yake. Nyuma ya madhabahu, katika chumba kidogo, wazee wa zamu wanamwaga vikapu mezani, wanapanga noti, wanahesabu sarafu, wanaandika kitabuni na kutia saini, kila mmoja mbele ya mwenzake. Ni utaratibu mzuri, na mashirika mengi ya umma yangeweza kuuonea wivu.

Kisha watu wanatoka nje, mnada unaanza. Hapo ndipo kanisa linapozungumza kuhusu pesa kwa raha kuliko mahali pengine popote. Mkungu wa ndizi, trei la mayai, muwa, malenge, jogoo aliyefungwa miguu. Dalali wa usharika, mara nyingi mzee mwenye utani kuliko wote, anamwita msharika kwa jina na kumuuliza kama kweli atakubali jirani yake aondoke na jogoo huyo kwa elfu ishirini. Jogoo ananunuliwa, mnunuzi anamrudisha, ananadiwa tena. Bibi aliyeleta mayai kwa kuwa hana fedha taslimu ametoa sadaka yake, na mtumishi wa benki aliyekuja bila kitu mkononi ametoa yake kupitia mayai hayohayo. Huko kwenye kahawa, korosho au mahindi, mnada na sikukuu ya mavuno vimeliwezesha kanisa kuendana na mfuko wa mkulima, ambaye hana mshahara wa tarehe 25.

Baada ya hapo, kimya.

Kimya hicho hakitoki kwenye Biblia. Katika kitabu cha pili cha Wafalme, sura ya 12, Mfalme Yehoashi anagundua kwamba hadi mwaka wa 23 wa utawala wake makuhani wamekuwa wakipokea fedha za hekalu, lakini nyufa za nyumba hazijazibwa. Anawaita na kuwauliza. Kinachofuata ni utaratibu wa fedha: sanduku lenye tundu juu linawekwa kando ya madhabahu, na likijaa, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu wanahesabu pamoja, mmoja wa ikulu na mmoja wa hekalu. Fedha zinapimwa na kukabidhiwa wasimamizi wa kazi, nao wanawalipa maseremala, waashi na wachonga mawe. Wasimamizi hao hawakudaiwa hesabu kwa sababu walikuwa waaminifu. Wahubiri wengi hukimbilia mstari huo wa mwisho na kuruka sanduku, tundu na wahesabuji wawili. Paulo naye, alipokusanya mchango wa makanisa kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu, hakusafiri nao peke yake. Katika barua ya pili kwa Wakorintho, sura ya 8, anaeleza kwamba ameandamana na ndugu aliyechaguliwa na makanisa ili mtu asipate la kumlaumu. Mtume aliyeandika sehemu kubwa ya Agano Jipya hakuona kwamba utume wake unatosha kuwa risiti.

Sheria za makanisa yenyewe nazo zimekwenda mbali kuliko waumini wengi wanavyodhani. Sheria ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1983, kanuni ya 537, inataka kila parokia iwe na baraza la fedha. Kanuni ya 1267 inasema sadaka iliyotolewa kwa lengo fulani itumike kwa lengo hilo tu. Maana yake fedha za jenereta haziwezi kugeuka nauli ya semina kwa sababu paroko ameona hivyo. Na kanuni ya 1287 inawataka wasimamizi kuwapa waumini hesabu ya mali ambayo waumini wenyewe wameitolea Kanisa. Yapo majimbo na maparokia yanayotekeleza haya kwa uaminifu, na taarifa hubandikwa mlangoni. Yapo mengine ambako kamati ya fedha hukutana paroko akiwa na haraka ya misa ya kigangoni, na mhasibu ni binamu wa katekista.

Waadventista Wasabato wana mfumo unaofaa kutazamwa kwa makini, hata na wasiokubaliana nao juu ya zaka. Kwao zaka haibaki kanisani inapotolewa. Inapanda hadi konferensi, ngazi inayosimamia makanisa ya eneo zima, na huko ndiko mchungaji anakolipwa. Mchungaji wa mtaa wenye matajiri halipwi na matajiri hao, na wa kijijini halali njaa kwa sababu mvua haikunyesha. Umeme, maji, ukarabati na idara za kanisa la mahali hugharimiwa na sadaka nyingine, kwa bajeti inayopitishwa na washiriki wenyewe katika mkutano wa kanisa, na vitabu vya mhazini hukaguliwa kutoka ngazi ya juu. Kasoro ipo: mshiriki anayeona paa linavuja huku zaka nzima ikisafiri huwa na maswali. Lakini angalau anajua inakokwenda, na jibu limeandikwa.

Swali la fedha zinazopanda juu ndilo linalozua manung'uniko mengi zaidi katika makanisa mengine, na mengi yangekwisha kwa karatasi moja. Chukua usharika wa kubuni wa mjini unaokusanya shilingi milioni 8 kwa mwezi, yaani milioni 96 kwa mwaka. Msharika anasikia tarakimu hiyo ikisomwa vipandevipande kila Jumapili, na jioni anapita karibu na jengo la ibada ambalo nondo zake zimeota kutu tangu mtoto wake yuko darasa la tatu. Anahitimisha kwamba zinaliwa. Sasa tuseme milioni 30 ni mgao wa jimbo na dayosisi, unaogharimia chuo cha Biblia, wachungaji wa maeneo maskini na ofisi ya askofu. Milioni 36 ni mishahara na makato ya mchungaji, wainjilisti wawili, mhasibu, mlinzi na mhudumu wa usafi. Umeme, maji, dizeli, divai, karatasi na mafuta ya pikipiki vinachukua milioni 10. Zimebaki 20. Ndani ya hizo kuna vijana, Shule ya Jumapili, wajane na yatima wa diakonia (huduma kwa wahitaji), wageni, na hayo majengo. Huenda hakuna aliyeiba hata senti. Lakini msharika yule hajawahi kuambiwa, na tuhuma yake ameshaipeleka sokoni.

Karatasi hiyo ingefanya jambo jingine pia, ambalo viongozi wengi hawalipendi: ingefungua mjadala. Kwa nini mafuta ya pikipiki ni mara mbili ya diakonia? Je, usharika unahitaji mhasibu wa kuajiriwa? Tarakimu zikiwa mezani, mwalimu wa shule ya msingi na mama muuza mboga wanakuwa na haki sawa ya kuuliza kama mfanyabiashara anayekaa mstari wa mbele. Hapo ndipo penye uzito. Kanisa haliogopi pesa kuzungumzwa. Linaogopa kugawana mamlaka ya kuamua.

Hofu hii ina historia. Makanisa mengi ya Afrika Mashariki yalizaliwa na bajeti zilizoandikwa Berlin, London au Minneapolis. Mmisionari alikuwa na sanduku, Mwafrika alikuwa na kikapu, na hesabu kamili ilipelekwa kwa aliyetuma fedha. Mwaka 1971, akiwa Milwaukee, Marekani, Mchungaji John Gatu, Katibu Mkuu wa Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki, aliwaambia wenyeji wake jambo ambalo hawakulitarajia: wamisionari na fedha zao wasitishwe kwa miaka isiyopungua mitano ili Kanisa la Afrika lisimame kwa miguu yake. Mwaka 1974, mjini Lusaka, Mkutano wa Makanisa ya Afrika Yote uliunga mkono wito huo. Waliompinga Gatu walikuwa wengi, wakiwamo Waafrika wenye miradi ya kuendesha, na usitishaji kamili haukutokea. Lakini Wapresbiteri walilichukua neno Jitegemea na kulifanya kaulimbiu, hadi makao makuu yao Nairobi yakaitwa hivyo.

Tanzania ilikuwa imeshaanza wimbo huo kwa sauti ya kisiasa, katika Azimio la Arusha la 1967. Kisha Serikali ikachukua shule za misheni, na hospitali ya Bugando mwaka 1972. Makanisa yalipoteza taasisi zao kubwa na pia sehemu kubwa ya hesabu zao. Serikali ilipoyaita tena kushirikiana katika afya na elimu, kwa makubaliano ya mwaka 1992, yalijikuta yanasimamia shule, vyuo na hospitali kwa mikono iliyozoea kikapu cha Jumapili. Kujitegemea kulikuwa kumefika upande wa kutoa. Upande wa kueleza, desturi ya zamani ilibaki: mfadhili wa ng'ambo anapelekewa ripoti iliyokaguliwa, yenye viambatisho na picha, ilhali mama aliyetoa kuku anapelekewa baraka.

Ndipo ikaja tamaa ya vitega uchumi. Wazo lenyewe si baya. Maendeleo Bank, iliyoanza mwaka 2013, ilitokana na Dayosisi ya Mashariki na Pwani ya KKKT, na Benki ya Mkombozi ilitokana na juhudi za Wakatoliki. Taasisi hizo zinasimamiwa na Benki Kuu, hesabu zao huchapishwa, na anayetaka kujua kama zinapata faida anasoma gazeti. Tatizo huja pale mradi mkubwa unapobuniwa na wachache na deni linapogawiwa wengi. Dayosisi ya Kaskazini Kati ya KKKT, Arusha, ilijikuta na deni la mabilioni ya shilingi kwa ajili ya hoteli yake ya Corridor Springs, na mwanzoni mwa muongo uliopita washarika walitakiwa kuchanga ili mali za kanisa zisipigwe mnada. Mgogoro uliofuata ulipasua sharika. Uganda nayo ina Church House, jengo refu la Kanisa la Anglikana katikati ya Kampala, lililojengwa kwa mkopo wa benki. Mwaka 2021 Askofu Mkuu Stephen Kaziimba aliwageukia waumini wa nchi nzima wasaidie kulikomboa. Waumini walichanga. Ila katika mikasa ya namna hii, mtu wa mwisho kuonyeshwa mkataba huwa ndiye wa kwanza kuletewa bahasha.

Ukimya wa hesabu hufungua mlango mwingine, mbaya zaidi. Kuanzia 2007 hadi 2009 maelfu ya Watanzania, wengi wao wa makanisa ya Kipentekoste, waliweka fedha zao DECI. Kampuni hiyo ilikuwa na wachungaji katika uongozi wake, na watu hawakuweka akiba wala kununua hisa: walipanda mbegu, wakasubiri kuvuna. Waliotangulia walivuna kutoka kwa waliowafuata, kama ilivyo kwa kila upatu wa aina hiyo, hadi Serikali ilipousimamisha mwaka 2009 na viongozi kufikishwa Mahakama ya Kisutu. Mtu aliyezoea kuuliza kanisani kwake faida inatoka wapi, nani anakagua, na mkataba uko wapi, angeuliza DECI pia. Lakini alikuwa amefundishwa kwa miaka mingi kwamba kuuliza kuhusu mbegu ni upungufu wa imani. Matapeli hawakuhitaji kumfundisha jambo jipya.

Simu imebadilisha sehemu ya mambo haya, na imeyabadilisha haraka. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007, lakini kwa makanisa mengi ilibaki kuwa njia ya pembeni hadi Machi 2020, nyumba za ibada zilipofungwa kwa sababu ya korona. Kikapu hakikupita tena, mishahara haikusubiri. Namba ya malipo ikawekwa kwenye mahubiri ya mtandaoni, ikabaki hapo hata milango ilipofunguliwa. Upande wa Tanzania, ambako ibada ziliendelea karibu kila mahali, Lipa Namba imebandikwa ukutani kando ya ubao wa nyimbo. Faida yake ni kubwa: kila shilingi ina tarehe, saa na jina, na haihitaji mzee wa kuihesabu. Hasara yake huonekana pale namba inapokuwa ya mtu binafsi, kwa kawaida mhazini au mchungaji mwenyewe, kwa maelezo kwamba usajili wa namba ya kanisa ni mrefu. Usajili si mrefu kiasi hicho. Bodi ya wadhamini iliyosajiliwa inaweza kufungua akaunti na kuunganisha namba, na kanisa lisilo na bodi ya wadhamini lina jambo la kushughulikia kabla ya kuanza kujenga ghorofa.

Kuna uwazi wa aina nyingine ambao umezidi kipimo. Katika maparokia na sharika kadhaa, orodha ya walichotoa waumini hubandikwa ukutani, jina kwa jina, na deni la mchango wa ujenzi huandikwa kwa wino mwekundu. Kadi ya zaka hudaiwa kabla ya ubatizo au ndoa, na malalamiko makali zaidi husikika kwenye misiba, pale familia inapoambiwa marehemu hakuwa hai kikanisa, maana yake bahasha zake zilikuwa tupu. Kanuni ya 848 ya Wakatoliki inaagiza maskini wasikose sakramenti kwa sababu ya umaskini wao, na mwaka 2014 Papa Fransisko alikemea waziwazi parokia zinazobandika bei za huduma. Hapa mambo yamepinduliwa: matumizi ya kanisa ni siri, umaskini wa muumini ni tangazo. Kama kuna kitu cha kubandikwa ukutani, ni mgao, mishahara na bei ya mabati.

Mahali pa kuanzia pako tayari, na hapahitaji sheria mpya. Kila usharika au parokia ina mkutano wa mwaka, na kila mkutano una kipengele cha taarifa ya fedha. Kwa kawaida kipengele hicho huja saa nane mchana, baada ya ibada ndefu, taarifa ya kwaya na taarifa ya vijana. Mhazini anasoma kurasa sita za tarakimu kwa kasi ya mtangazaji wa mpira. Hakuna mwenye nakala. Mtu anatoa hoja taarifa ipokelewe, mwingine anaiunga mkono, mikono inainuka, na harufu ya pilau inatoka nyuma ya ukumbi. Mambo hubadilika pale karatasi inapogawiwa kwenye jumuiya wiki mbili kabla. Watu huisoma sebuleni, kwa utulivu, kati ya wimbo na chai, na mwalimu wa hisabati aliye jirani huwafafanulia wengine. Siku ya mkutano maswali huwa machache kuliko viongozi walivyohofia, na mengi huwa ya vitendo: jenereta linatumia lita ngapi kwa ibada moja, kwa nini sare za kwaya ziko kwenye fungu la ujenzi, fungu la wajane lilitumika lote au limebaki, na kama limebaki, ni nani hakupelekewa.